Nitajuaje kama mistari ya spektra ni ya kometi?

SWALI: Nina darubini ndogo, kamera na gretingi ya kutawanya mwanga. Nikiwa ufukweni Usenge, nitatofautishaje mwanga wa kometi na wa taa? – Mwalimu wa fizikia, Siaya

JIBU: Mwalimu, usiku usio na mwezi ndio unaokufaa, na ndio huohuo wavuvi wa omena huingia ziwani na taa zao. Kometi ikiwa magharibi, kama C/2023 A3 jioni za Oktoba 2024, utapiga picha juu ya taa hizo. Basi piga pia anga tupu kando ya kometi, kwa muda uleule, kisha uitoe kwenye spektra yako.

Halafu, bila kugusa fokasi wala gretingi, piga nyota nyeupe kama Vega. Haidrojeni yake huacha mistari myeusi kwenye nanomita 486.1 na 656.3, hiyo itakupa kipimo cha kugeuza pikseli kuwa nanomita. Kwa kuwa kamera haipokei rangi zote sawasawa, linganisha spektra hiyo na ile ya Vega iliyochapishwa, upate kigezo cha kusahihisha. Nyota ikiwa juu na kometi iko chini, utapotoka: hewa ya karibu na upeo hupunguza zaidi buluu.

Sasa tafuta mkanda wenye ukingo mkali karibu na nanomita 516. Huo ni wa molekuli za atomi mbili za kaboni. Mstari wa 589 ushuku kwanza: sodiamu hutoka kwenye kometi iliyo karibu na Jua, na pia kwenye taa za barabarani. Ukionekana vilevile kwenye anga tupu, ni wa taa.