Mtoto wa Marehemu Dada: Ulezi, Kafala au Kuasili?

Huku Garsen ni nyumba chache zisizo na mtoto aliyezaliwa kwingine. Machafuko ya Delta ya Tana yaliyowaka Riketa Agosti 2012 na kuendelea hadi Januari 2013 yaliacha mayatima kwa Wapokomo na kwa Waorma vilevile. Mto nao ukifurika, kama ulivyofurika 2018, familia huhamia kambini na watoto hutawanywa kwa mabibi na mashangazi. Kumpokea mtoto hatujashindwa hata siku moja. Tunachokosa ni karatasi, na mtoto asiye na karatasi amelindwa nusu tu.

Mimi nilimchukua binti wa marehemu dada yangu, baba yake akiwa ametangulia. Nyumbani hakuna aliyeuliza lolote, kwani mama mdogo ni mama. Maswali yalianzia shuleni, walipotaka cheti cha kuzaliwa. Yakaja hospitalini, walipotaka mtu wa kutia sahihi kabla mtoto hajapasuliwa. Kisha akajitokeza jamaa wa upande wa baba akidai kwamba shamba la marehemu kando ya mto ni lake kulisimamia, na mtoto pamoja nalo. Hapo ndipo nilipokwenda kwa afisa wa watoto, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiulizwa na majirani kuhusu kila hatua. Naziandika hapa zote.

Kabla ya kujaza fomu yoyote, amua unataka kuwa nani kwa mtoto huyo. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, ina njia zaidi ya moja, na kila njia ina matokeo yake. Ukiwa mlezi, unabeba majukumu ya mzazi lakini mtoto anabaki wa wazazi wake: jina lake, ukoo wake, urithi wake kwao. Ukimwasili, ule uzi wa kisheria kati yake na wazazi waliomzaa unakatwa, naye anahesabiwa kama aliyezaliwa nawe, anarithi kwako na anaandikwa katika rejista ya watoto walioasiliwa. Watu wengi huja wakisema "nataka kuasili" kumbe wanachohitaji ni ulezi. Kwa mpwa wangu, mwenye shamba la baba yake, kuasili kungemwondoa kwenye ukoo ambao haki yake imo. Kwa maoni yangu, jamaa wa damu anayemlea yatima mwenye chochote cha kurithi aanze kwa kuuliza habari za ulezi.

Kwa sisi Waislamu kuna jambo jingine, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye mkanganyiko. Dini yetu inahimiza sana kumlea yatima, lakini Suratul Ahzab imekataza kumnasibisha mtoto na asiye baba yake. Mtoto wa kulea habadilishwi ubini, na harithi kwa fungu kama mtoto wa kuzaa. Kwa miaka mingi ilionekana kana kwamba Mwislamu wa Kenya ana mawili tu: ama aasili kinyume cha imani yake, ama alee kimya bila hati. Sheria ya 2022 imeitaja kafala kwa jina lake: Mwislamu mwenye uwezo kumchukua mtoto aliyekosa malezi ya wazazi na kumlea kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu. Ikiwa hiyo ndiyo nia yako, itamke hivyohivyo ofisini tangu siku ya kwanza, wasije wakakuandikia jambo jingine. Na usiende kwa Kadhi ukitaraji hati ya kuasili. Kifungu cha 170 cha Katiba kimempa Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu waliokubali kusikizwa naye. Kuasili ni kazi ya Mahakama Kuu, nasi tunayo hapahapa Garsen, hakuna haja ya kufunga safari ya Malindi au Mombasa.

Ulezi wangu ulipita mahakama ya watoto. Nilianza kwa chifu, akanipa barua ya kunitambulisha. Nikakusanya vyeti vya vifo vya wazazi wote wawili. Mtoto alizaliwa nyumbani na hakuwahi kuandikishwa, kwa hiyo ilibidi tufuate usajili wa kuchelewa, ambao huanzia kwa naibu wa chifu. Ukiwa na mtoto katika hali hiyo, anza na cheti hicho hata kabla ya kuonana na wakili, maana kila meza utakayofika itakiuliza. Kisha tukaita kikao cha pande zote mbili. Waliohudhuria wakaweka sahihi kwamba wameridhia, na wazee wakaandika kwamba shamba ni la mtoto, mlezi analitunza tu, haliuzi. Karatasi ile ya kikao ilinisaidia sana mahakamani.

Afisa wa watoto alikuja nyumbani. Aliangalia tunapolala, akauliza riziki yangu inatoka wapi, akazungumza na majirani. Halafu akaketi na binti peke yao chini ya mwembe, sisi tukabaki mbali. Usimfundishe mtoto maneno ya kusema siku hiyo. Katiba, Kifungu cha 53, inataka maslahi ya mtoto yatangulie kila kitu, na atajuaje hakimu maslahi hayo ikiwa mtoto anasema maneno ya mama mdogo?

Mtoto wa mtu usiyemjua ni habari nyingine kabisa. Tafadhali, usipokee mtoto mchanga kwa makubaliano ya mdomo na msichana aliyekata tamaa, hata kama nia yako ni safi na yeye anakulilia umchukue. Mtoto akipatikana ametupwa, apelekwe polisi au kwa chifu, mchukue namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, na afisa wa watoto ajulishwe. Simu 116 ni ya bure kwa mambo ya watoto. Polisi watatafuta jamaa zake kwanza. Mtoto haandaliwi kuasiliwa kabla ya kutimiza wiki sita, na ni lazima atangazwe rasmi kwamba yuko huru kuasiliwa. Mwombaji kwa kawaida awe ametimiza miaka 25, amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi, na asiwe amefika 65. Mtoto akae naye miezi mitatu mfululizo kabla ya ombi kupelekwa mahakamani, na mahakama humteua mtu wa kumsemea mtoto katika kesi. Wageni kutoka nje, hata wale marafiki wa makanisa na mashirika yanayofika huku, wajue kwamba serikali ilisimamisha wageni kuwaasili watoto wa Kenya mnamo 2014.

Kuna wasiwasi mmoja ninaousikia sana vijiji vya ndani: mtoto hajulikani wazazi wake, je, atapata kitambulisho? Kifungu cha 14 cha Katiba kinasema mtoto anayeonekana kuwa chini ya miaka 8, aliyekutwa Kenya na wazazi wake na uraia wake haujulikani, huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Mtu akikuambia vinginevyo, mwonyeshe kifungu hicho.

Nawe mzazi uliye hai, ukisoma haya na watoto wako wanacheza uani, usingoje. Sheria inakuruhusu kumteua mlezi wa watoto wako kwa wasia au kwa hati. Dada yangu angeandika ukurasa mmoja tu, mabishano yale ya shamba yasingezuka. Mimi nimekwisha kuandika wangu. Watoto wangu wana mafungu yao, na katika ile theluthi ambayo dini imeniachia nimuusie nimtakaye, nimeandika jina la binti wa dada yangu, kwa ubini wa baba yake.