Harusi hatutaki, je, ndoa?

Shangazi,

Naishi Segese na mwenzangu, mwaka wa saba huu. Tulikutana yeye akichimba, mimi nikiuza wali maharage kwenye makarasha ya kusagia mawe ya machimbo. Tuna watoto wawili. Hakutoa ng'ombe hata mmoja kwetu, kanisani hatukwenda. Harusi ya kamati na michango hatuitaki, tumeona rafiki zetu walivyobaki na madeni. Kiwanja tulichojenga kina jina lake. Dada yangu ananiita kimada. Mwenzangu anasema twende kwa mwenyekiti wa kitongoji tuandikishane kuwa mume na mke, yaishe. Inatosha?
Mama Wawili, Segese

Mwanangu, huyo dada yako apunguze ukali. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawatambua kuwa mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana. Sogea tukae yenu, basi, sheria inaiona. Tatizo ni kwamba hiyo ni dhana tu, na dhana huvunjwa. Siku akifa, ndugu zake wakashuka msibani na kusema hawakujui, wewe ndiye utakayehangaika Mahakama ya Mwanzo kutafuta mashahidi.

Kuna jambo hukuliandika. Kwao ana mke? Machimboni watu hutoka kila mkoa, na wapo walioacha ndoa ya kanisani nyumbani. Kama anayo na haijavunjwa, hata mkae miaka ishirini hutakuwa mke wake. Mahakama yaweza kuagiza upewe matunzo wewe na watoto, na mali mliyochuma pamoja igawanywe, lakini mke hapana. Muulize. Usisubiri siku duara, yaani shimo analochimba, limetema, siku hiyo kila mwanamume ni mkarimu.

Karatasi ya mwenyekiti haifungishi ndoa. Itunzeni kama ushahidi kwamba mliishi pamoja, basi. Mnachokikimbia nyinyi ni harusi, na ndoa haihitaji harusi. Nendeni bomani Kahama, kwa Mkuu wa Wilaya, mtoe taarifa siku 21 kabla, kisha mrudi na mashahidi wawili. Hakuna shela wala mshereheshaji. Na kutotolewa mahari hakubatilishi ndoa, sheria hiyohiyo imesema. Hata hivyo mpeleke kwa baba yako akajitambulishe, maana wazee wa Kisukuma bado wanahesabu watoto kwa ng'ombe, na ugomvi wa wajukuu ni wa nani sikutakii.

Na kama hata boma hamlitaki? Ni haki yenu, watu wazima nyie. Ila hapo kila kitu lazima kiandikwe kimoja kimoja. Kiwanja kiwe na majina mawili. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwe na jina la baba yao. Naye aandike wosia mbele ya mashahidi. Ana mgao kwenye duara? Uandikwe pia, ujulikane ni wa nani akiondoka, maana nimeona mgao wa marehemu ukiyeyuka kabla ya arobaini.

Wewe nawe tunza daftari lako la madeni ya chakula. Najua mnavyofanya: mnawalisha wachimbaji kwa mkopo mpaka mzigo wa mawe usagwe. Kama umelisha watu wa duara lake, hicho ni kitu ulichotia kwenye nyumba ile, na kimeandikwa kwa tarehe. Hata kupika na kulea kunahesabika. Mahakama ya Rufani ililisema hilo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Lakini daftari halibishaniwi kirahisi kama maneno.

Anza na kiwanja, wiki hii. Akiwa radhi kuandikishana nawe kwa mwenyekiti lakini jina lako kwenye kiwanja anaona zito, niandikie tena haraka.