Kufundisha Mvurugiko wa Milia ya Usumaku

Mwalimu afundishapo sumaku huchora vishale vilivyopangwa sawasawa, kisha vingine vilivyotawanyika, akasema kwamba joto limevuruga mpangilio. Maelezo hayo si ya uongo, ila huficha kwamba mna mipangilio miwili, nayo haivunjiki kwa pamoja.

Na tuanze na sindano. Isuguliwe kwa sumaku hata inase vumbi la chuma, itiwe katika makaa mpaka iwe nyekundu sana, kisha ipoe polepole ikiwa imelazwa mashariki-magharibi, isije ikapata usumaku wa dunia. Ikipoa, hainasi tena vumbi; lakini tukiisogezea sumaku, yavutwa. Mwanafunzi aulizwe ni kipi kilichorudi na kipi hakikurudi, wala asiharakishwe kujibu.

Chuma kipitapo nyuzi 770 hivi za Sentigredi, atomi zake huacha kufuatana. Kikipoa hufuatana tena, na yale maeneo madogo ya usumaku, aliyoyapendekeza Pierre Weiss mwaka 1907, hurejea. Yasiyorejea ni mapatano baina ya maeneo hayo.

Tofauti hii huonekana vizuri zaidi katika utando mwembamba wa ganeti yenye chuma. Chini ya hadubini ya mwanga maalumu huonekana milia inayopishana: mmoja usumaku wake waelekea juu, wa pili chini. Atomi jirani hupenda kuelekea upande mmoja, lakini eneo likiwa pana mno ncha zake zinazofanana husukumana. Milia ndiyo suluhu ya mvutano huo. Utando ukipashwa moto, milia hupindapinda, kisha hutokea miisho na panda, hata sura yote ikawa kama njia za kupotezana. Hata hapo kila mlia ungali na usumaku wake.

Kwa nini panda ihesabiwe kuwa na madhara kuliko pindo? Hapa hadubini haihitajiki. Wanafunzi wachore ubaoni matuta ya shamba, tuta moja likikomea katikati. Wayahesabu upande huu wa mwisho huo, kisha upande wa pili: watapata tofauti ya moja, hata wakihesabu mbali nao. Pindo hunyooshwa mahali pake. Mwisho wa tuta hauondoki kwa kunyoosha, mpaka ukutane na mwisho mwingine ulio kinyume chake.