Upinde mgumu usiukimbilie na randa

Ukichonga umuheto, yaani upinde, wa kwanza, karibu lazima utoke mgumu kuliko nguvu zako. Unavuta, mkono unatetemeka, mshale unakwenda kombo. Kinachofuata ni kushika randa, na hapo ndipo pinde nyingi huishia. Wangu mmoja niliuua hivyo, kwa mipito mitatu tu ya randa.

Anza kwa kupima. Muombe muuza nyama akuazime mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano. Pigilia kigingi imara ukutani, weka mshikio wa upinde juu yake, mgongo uangalie juu na upote uning'inie chini. Nasa upote kwa ndoano, kisha vuta mizani chini polepole hadi urefu unaovuta wewe ukilenga. Kwa watu wengi wazima ni kama sentimita 70 toka mshikioni. Soma kilo. Anayejifunza, 12 hadi 15 zinamtosha. Ishirini ni za mtu aliyezoea. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huvuta hata zaidi ya 30, lakini wao wameanza utotoni, kwa hiyo usishindane nao.

Ukipima, kumbuka na majira: upinde wa asubuhi ya mvua mwezi Aprili si ule wa Julai. Hapa Bujumbura, mti hunywa unyevu wa masika na wa ziwa, ukalegea. Kiangazi kikikolea unakauka na kukaza. Ukipunguza nguvu Julai bila kulifikiria hilo, masika utabaki na fimbo legevu. Kama mti bado ni mbichi, usiurekebishe kabisa. Upime kwa mizani ya dukani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, umekauka. Na usiutundike juu ya jiko ili kuharakisha, maana mti uliokaushwa kupita kiasi huvunjika kama biskuti.

Sasa kuchonga. Usiguse mgongo, ule upande unaotazama shabaha. Nyuzi za mti za upande huo ndizo zinazovutwa, na ukikata moja tu, ufa unaanzia hapo. Fanya kazi tumboni, upande unaokutazama wewe, na badala ya randa tumia kipande cha chupa iliyovunjika chenye ukingo mkali. Kinatoa vumbi laini, na hicho ndicho unachotaka. Vaa glavu.

Kwa nini vumbi tu? Kwa sababu unene ndio wenye nguvu. Mkono wa upinde wenye unene wa milimita 12 ukiutoa milimita 1, unapoteza karibu robo ya nguvu yake. Upana hauna ukali huo: ukipunguza sehemu moja ya kumi, nguvu inashuka kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo kama unataka kushusha kilo moja au mbili tu, nyembamisha pembeni kwa msasa, unene uache.

Kwarua mara 10 mkono wa juu na mara 10 wa chini. Funga upote, vuta mara 20 au 30, lakini usipite kilo unazozitaka hata kama hujafika urefu wako kamili. Pima tena. Mti unahitaji kuzoea kila badiliko kabla hujatoa jingine. Rudi nyuma uutazame ukiwa umevutwa, mwenzio akikushikia upote: panapobaki pamenyooka, kwarua hapo, palipojipinda kama bawaba, usipaguse tena, kwarua kandokando yake.

Ukishakwarua kupita kiasi, njia iliyobaki ni kukata ncha, sentimita 2 kila upande, na kuchonga mikato mipya ya upote. Upinde mfupi hukaza. Ila nao hukaribia zaidi kuvunjika, basi usiuvute mbali kama mwanzo.

Usiachie upote bila mshale hata kwa mzaha, na ukimaliza kulenga, ufungue. Lenga gunia la nyasi, si wanyama. Wale wa Hifadhi ya Rusizi wanalindwa na sheria.

Upinde nilio nao sasa unavuta kilo 18 Julai na 16 na nusu Aprili. Nimeandika tarakimu zote mbili kwa kalamu kwenye mshikio.