Kazi Inapogeuka Somo: Funzo kutoka Swaneng Hill

Mwanachuo anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha hukuta neno "mradi" katika shule nyingi. Pana shamba, pana kuku, pana bustani ya mboga. Ukiuliza wanafunzi wamejifunza nini katika mradi huo, mara nyingi jibu ni kwamba wamelima. Hapana budi basi tujiulize: ni wakati gani kazi ya mikono huwa somo, na ni wakati gani hubaki kuwa jasho tu?

Mbinu ya mradi ina umri mrefu. Mwaka 1918 William Heard Kilpatrick, aliyekuwa akifundisha walimu katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alichapisha insha iliyoieneza sana. Kwake yeye kiini cha mradi ni kusudi: mtoto alikusudie tendo kwa moyo wake wote, tena miongoni mwa wenzake. Mwalimu Nyerere naye, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka wanafunzi washiriki katika kuamua na kupanga shughuli za shule. Kuamua na kupanga kulisahauliwa upesi. Kilichokumbukwa ni jembe.

Shule moja ndogo ya sekondari yaweza kutufundisha mengi juu ya jambo hili. Nayo ni Swaneng Hill, iliyoanzishwa mwaka 1963 katika kijiji kikubwa cha Serowe, nchini Botswana, nchi hiyo ilipokuwa bado chini ya Waingereza. Mwanzilishi wake, Patrick van Rensburg, alikuwa mwanadiplomasia wa Afrika Kusini aliyejiuzulu mwaka 1957 kwa kuupinga ubaguzi wa rangi. Fedha zilikuwa haba, kwa hiyo wanafunzi na walimu wao walishika mwiko na timazi wakajenga sehemu ya majengo ya shule yao wenyewe. Mwaka 1965 kikaanzishwa kikosi cha wajenzi kwa ajili ya vijana waliomaliza shule ya msingi wakakosa nafasi ya sekondari. Vijana hao walijifunza ufundi kazini, wakapata pia masomo ya darasani, na mapato ya kazi yao yakasaidia kulipia gharama za mafunzo. Vikosi vya namna hiyo vilienea baadaye sehemu nyingi za Botswana.

Hata hivyo maisha ya wanafunzi pale hayakuwa shwari siku zote. Kwa wengi wao, na kwa wazazi wao, sekondari ilikuwa mlango wa kuingilia ofisini. Shule ilipokua, kazi ya kujitolea ilianza kuzaa manung'uniko. Tusiwalaumu haraka. Kijana aliyejenga darasa la kwanza aliiona haja yake, maana bila darasa hilo angekaa nje. Yule aliyekuja baadaye alikuta madarasa yapo. Akaona kazi imebaki, kusudi limeondoka.

Tuuchukue basi mfano wa ujenzi tuulete katika shule ya msingi. Darasa la Sita wanataka kujenga ukuta wa banda, urefu meta 4 na kimo meta 2. Uso wa tofali moja, pamoja na udongo wa kuungia, ni sentimeta 30 kwa 15. Mwalimu asiwape idadi ya matofali. Wataona kwamba ukuta una meta za eneo 8, na kila tofali hufunika meta za eneo 0.045, hivyo yanahitajika matofali 178. Kisha wafyatue machache ya majaribio na wahesabu yanayovunjika. Tuseme katika kila 100 huvunjika 10.

Hapa ndipo penye utamu. Wanafunzi wengi watachukua asilimia 10 ya 178, wajumlishe, wapate 196. Mwalimu mwenye pupa atawasahihisha papo hapo. Sisi tunashauri anyamaze. Wakifyatua 196, yakavunjika 19 au 20, watabakiwa na 177 au 176, na pembe ya juu ya ukuta itabaki wazi. Hapo watauliza wenyewe kosa liko wapi, na watagundua kwamba asilimia ilipaswa kuhesabiwa kwa matofali yote yanayofyatuliwa, wala si kwa yale yanayotakiwa: 178 ugawe kwa 0.9, ndiyo 198. Pengo la matofali mawili hufundisha asilimia kuliko wino mwekundu wa wiki nzima. (Bila shaka matofali hayavunjiki kwa utii hivyo, siku nyingine yatavunjika matano, na hayo nayo ni mazungumzo mazuri.)

Kuhusu daftari la mapato na matumizi, litunzwe na wanafunzi wenyewe kwa zamu, na kila mwisho wa wiki lisomwe mbele ya darasa. Mazao yakiuzwa, wao ndio wajue fedha zimekwenda wapi. Wasipojua, mwalimu asishangae majembe yakipotea.

Katika andalio la somo, mwanachuo aandike swali ambalo kazi ya siku hiyo itawalazimisha wanafunzi kulijibu. Akikosa swali, heri awaache darasani wasome, na shamba alipalilie siku nyingine.