Retina Iliyobanduka: Tiba Ipi Hufaulu Zaidi?

Retina ni utando mwembamba uliotanda ndani ya jicho upande wa nyuma, nao ndio upokeao nuru. Chembe zake za kupokea nuru hulishwa na tabaka lililo nyuma yake. Utando ukibanduka, chembe hizo hukosa oksijeni na huanza kufa. Mgonjwa huona vimulimuli na vidoa vinavyoelea, kisha kivuli mithili ya pazia. Hasikii maumivu, na kwa sababu hiyo wengi huchelewa.

Kabla ya miaka ya 1920 waliopona walikuwa wachache mno. Jules Gonin, daktari wa Lausanne, Uswisi, ndiye aliyeonyesha kwamba kiini cha maradhi ni mpasuko upitishao majimaji hadi nyuma ya retina, na kwamba usipozibwa, tiba ni kazi bure. Njia za leo zafuata kanuni hiyo. Ya kwanza ni kushona kipande cha silikoni juu ya ukuta mweupe wa jicho ili ukuta ubonyee ndani na kukutana na retina. Ya pili ni vitrektomi, iliyoanzishwa na Robert Machemer huko Miami, Marekani, mwaka 1970: ute wa katikati ya jicho huondolewa, na aghalabu mahali pake hujazwa gesi. Ya tatu ni nyepesi zaidi. Kiputo cha gesi hudungwa jichoni, na mgonjwa hukiweka kichwa katika mkao maalumu kwa siku kadhaa ili kiputo, kikipanda kama povu majini, kiubane mpasuko. Hufaa zaidi kwa mipasuko ya sehemu ya juu.

Je, ipi ni bora? Mwaka 2019 zilitangazwa habari za jaribio la Toronto, Kanada, ambamo wagonjwa 176 waligawanywa kwa kura. Baada ya mwaka mmoja, tiba ya awali ilikuwa imefaulu kwa wagonjwa 93 katika kila 100 waliofanyiwa vitrektomi, na 81 tu kwa kiputo. Mwanafunzi mwenye haraka atatoa hukumu hapo. Lakini waliopimwa kwa ubao wa herufi walionyesha kinyume: wa kiputo walisoma wastani wa herufi tano zaidi, na wachache wao waliona mistari imepinda. Wengi ambao kiputo kiliwashinda walirekebishwa kwa upasuaji wa pili. Kurudi kwa retina mahali pake, basi, si sawa na kurudi kwa macho ya kuonea.

Hali ya jicho nayo ina neno lake. Katika uchunguzi wa Ulaya wa 2007, wenye lenzi ya asili waliona vizuri zaidi kwa silikoni. Kwa wenye lenzi bandia, vitrektomi ilirudisha retina mara nyingi zaidi kwa upasuaji mmoja.

Liko pia suala la safari. Mwenye gesi jichoni hapandi ndege mpaka iishe, kwani kanieneo la hewa likipungua gesi hutanuka, na jicho laweza kupofuka.