Dondoo muhimu: Mzazi anaposita kuhusu chanjo ya HPV

Mhudumu wa afya, usianze na hotuba. Muulize mama au baba: "Ni nini hasa kinachokutia wasiwasi?" Kisha jibu hilo kwanza.

Akihofia utasa, mpe muda, maana hofu hii ni nzito na haifai kubezwa. Mweleze wazi kwamba chanjo haizuii kuzaa. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo chanjo hii huikinga, pamoja na matibabu yake, ndiyo inayoweza kuondoa uzazi, hata uhai.

Akisema binti bado mdogo, mwambie chanjo hukinga vizuri zaidi kabla msichana hajakutana na kirusi cha HPV. Ndiyo maana Tanzania huwachanja wa miaka 9 hadi 14, na tangu 2024 kwa dozi moja. Anayeishi na VVU huhitaji zaidi ya moja. Suala la VVU lizungumzwe faraghani.

Akikubali, fungua kadi ya kliniki ya binti uangalie: umri, mzio, chanjo alizokwisha kupata. Taja mapema kwamba huenda akapata maumivu ya mkono na homa kidogo. Baada ya sindano binti akae dakika 15, kwani vijana wengine huzimia.

Mzazi bado anasita? Mpangie siku ya kurudi, aje na mwenzake.